Intavyu za mhandisi mwandamizi wa programu: mwongozo kamili kwa mtu wa Mombasa

Kazi ya ngazi ya juu ya programu humjia mtu wa Mombasa kwa milango mitatu. Kuna benki na kampuni za malipo za Nairobi. Kuna kampuni za Ulaya na Marekani zinazoajiri watu wafanye kazi wakiwa majumbani mwao. Na kuna waajiri wa papa hapa: mawakala wa forodha, kampuni za meli, mahoteli, SACCO. Hawa wa papa hapa aghalabu watakuita ofisini, utazungumza na mwenye kampuni saa nzima, na jibu utalipata wiki hiyo hiyo. Wa Nairobi na wa ng'ambo watakupitisha hatua nne au tano kwa wiki kadhaa, na huko ndiko watu wetu wazuri wanakoangukia. Mwongozo huu umewaelemea hao.

Nimekaa pande zote mbili za meza hiyo, na nimeona wengi wakianguka huku ujuzi wanao. Uamuzi wao haukusikika, basi. Katika ngazi hii mhoji anataka kujua ukiachiwa tatizo lisilo na umbo utauliza nini, utaacha nini, na utatetea nini mwenzako akikupinga. Hayo yasiposemwa kwa sauti hayaingii kwenye karatasi yake, hata kama yamejaa kichwani mwako.

Hatua ya 1: Jua unaitiwa nini

Afisa wa ajira akikuandikia, usikimbilie kumtumia wasifu na kushukuru. Muulize kwa barua pepe, ili jibu libaki limeandikwa: hatua ni ngapi na kila moja ni ya dakika ngapi, nitaandika msimbo kwenye kompyuta yangu au kwenye ukurasa wao, lugha ya programu ni hiari yangu, zana za akili bandia zinaruhusiwa au hapana, mshahara umepangwa kati ya kiasi gani na kiasi gani. Maafisa wazuri hujibu yote. Asiyejibu hata moja ameshakupa habari ya kutosha kuhusu kampuni yake.

Ulizia na ngazi. Jina la cheo halina kipimo kimoja. Google mwandamizi ni ngazi inayoitwa L5, Meta ni E5, na katika kampuni ya watu kumi mwandamizi huenda akawa ndiye mhandisi wa pekee. Mtu anaweza kufanya intavyu ya mwandamizi akapewa ofa ya ngazi ya chini yake, na sababu kwa kawaida ni kwamba mifano yake yote ilikuwa ya kazi aliyopewa ikiwa tayari imekatwa vipande.

Waajiri wa Nairobi hupenda kuuliza unalipwa kiasi gani sasa, wengine hata kutaka hati ya mshahara. Mshahara wa Mombasa mara nyingi uko chini ya wa Nairobi kwa kazi ile ile, kwa hiyo ukiutaja umejifunga kamba mwenyewe. Jibu kwa kutaja unachotarajia, kwa adabu, kisha nyamaza.

Hatua ya 2: Andika visa vyako kabla ya kufungua zoezi lolote

Hapa ndipo pa kutumia muda mwingi, na hapa ndipo watu wanaparuka waende kukariri maswali ya algoriti, yaani ya njia za kutatua tatizo kwa msimbo.

Chukua daftari uandike visa sita au saba vya kazi uliyoifanya wewe. Kiwepo kisa cha mfumo ulioanguka na ukauinua. Kiwepo kisa cha kutokubaliana na mtu mwenye cheo kukuzidi. Kiwepo kisa cha mhandisi chipukizi uliyemlea, cha kitu ulichokifuta kwa sababu kilikuwa hakina faida, cha mradi ulioukataa. Kila kisa kiwe na hali ilivyokuwa, ulichoamua, ulichokiacha na kwa nini, na matokeo kwa tarakimu ikiwa unazo.

Nitoe mfano ambao wengi wetu tunao. Umejenga malipo ya M-Pesa. Mteja anapokea ujumbe kwenye simu, anaweka PIN, kisha Safaricom inarudisha jibu kwenye seva yako, ile kolbaki. Siku moja kolbaki inakuja mara mbili, na mteja mmoja anaonekana amelipa mara mbili kwenye hesabu. Siku nyingine haiji kabisa, na mteja amekatwa pesa lakini mfumo unasema bado hajalipa. Mhandisi wa kawaida atasimulia jinsi alivyorekebisha. Mwandamizi ataeleza kwamba aliweka sharti la upekee kwenye hifadhidata, ombi moja lisiandikwe mara mbili, kwa kutumia CheckoutRequestID, namba ambayo Safaricom hulipa kila ombi la malipo, akaacha kutegemea namba ya risiti kwa kuwa muamala ulioshindwa hauna risiti. Ataeleza kwamba alitenganisha msimbo 1032, ambapo mteja amekataa mwenyewe, na 1037, ambapo simu haikujibu, kwa sababu huyu wa pili inafaa kumjaribu tena na yule wa kwanza atakereka. Ataeleza kwamba aliandika kazi ya kupita kila dakika chache ikiuliza hali ya miamala isiyojibiwa, na kwamba alifikiria kuweka foleni ya ujumbe, mahali pa kupanga kazi zishughulikiwe moja moja, akaiacha, kwani mzigo ulikuwa mdogo na timu ilikuwa na watu wawili.

Kisa hicho kimoja kinajibu maswali manne tofauti ya intavyu. Mhoji wa Berlin huenda hajui M-Pesa, kwa hiyo andaa sentensi mbili za kumweleza: mfumo wa pesa kwa simu uliozinduliwa Kenya mwaka 2007, na ndio njia ya kawaida ya kulipa dukani na kwa basi. Usimpe mhadhara.

Sasa kuna jambo la kwetu Pwani ambalo lazima lisemwe. Tumelelewa tusijisifu. Mtu anayetaja kazi yake mwenyewe barazani ataonekana hana haya. Adabu hiyo ni nzuri, nami siitaki ipotee, lakini mhoji wa mbali hatapata jirani wa kumuuliza habari zako. Dada mmoja wa Kisauni, aliyejenga peke yake mfumo wa kufuatilia makontena wa kampuni ya kuondosha mizigo, alieleza kila kitu kana kwamba kilifanywa na timu. Alipoulizwa sehemu yake ni ipi, akasema alisaidia. Akakosa kazi, na maoni aliyorudishiwa yalisema haikuonekana kama amewahi kuongoza. Mara ya pili alikaa na kaka yake wakapitia daftari lake sentensi kwa sentensi: hili niliamua mimi, lile aliamua meneja, lile tulijadiliana nikashindwa. Hakuongeza chumvi hata chembe, na kazi aliipata. Kutaja sehemu ya wenzako kwa haki kunakupandisha. Kuificha ya kwako kunakuangusha.

Visa vyote visimulie kwa Kiingereza, kwa sauti, ukijirekodi kwa simu. Kila kimoja dakika mbili hadi tatu. Kiingereza cha kusoma nyaraka si kile cha kusimulia ugomvi wa kazini, na ulimi unahitaji mazoezi. Lafudhi haina neno. Kasi ndiyo yenye neno: wengi wetu tukiwa na wasiwasi tunaongea mbio.

Hatua ya 3: Intavyu ya kuandika msimbo

Dakika 45 ndiyo kawaida, swali moja au mawili. Chukua hili, ambalo limevaa nguo za Kilindini: umepewa orodha ya meli, kila moja na saa ya kuingia na ya kutoka. Zinahitajika gati ngapi ili meli yoyote isisubiri?

Kabla ya kugusa kibodi, uliza. Meli ikitoka saa 10:00 na nyingine ikaingia saa 10:00, zinaweza kutumia gati moja? Meli ya kwanza ni 06:00 hadi 10:00, ya pili 08:00 hadi 12:00, ya tatu 10:00 hadi 14:00. Ukiruhusu gati lipokelewe papo hapo, jibu ni mawili. Usiporuhusu, ni matatu. Swali hilo moja lina uzito kuliko kasi yako ya kuandika, maana linaonyesha mtu aliyewahi kuona matakwa yakija nusu nusu. Uliza pia orodha ni ya ukubwa gani, na kama inaweza kuwa tupu au kuwa na meli isiyo na saa ya kutoka.

Kisha sema njia ya kijinga kwanza: kulinganisha kila meli na kila meli, ambayo ni O(n²), yaani meli zikiongezeka mara mbili kazi inaongezeka mara nne. Sema kwa nini haitoshi. Halafu pendekeza kupanga meli kwa saa ya kuingia na kuweka saa za kutoka kwenye foleni ya kipaumbele, ambayo anayetoka mapema hukaa mbele daima. Meli mpya ikija, angalia aliye mbele kwenye foleni kama ameshatoka: akiwa ametoka, chukua gati lake; la sivyo, ongeza gati. Hiyo ni O(n log n), nafuu sana orodha ikiwa ndefu. Andika, kisha pitisha mfano wako mkononi mstari kwa mstari bila kuambiwa. Majina ya vigeu yawe na maana hata kama muda umebana.

Ukikwama, eleza ulipokwama. Ukimya wa dakika tano humwacha mhoji bila la kuandika. Hahitajiki mtu aliyemaliza maswali mia tano. Mbinu kumi na kidogo za kutatua, ulizozielewa vizuri, zinatosha kampuni nyingi. Nasema hivi nikijua kuna watakaobisha.

Hatua ya 4: Kusanifu mfumo

Ngazi yako huamuliwa hapa kuliko pengine popote. Unapewa sentensi moja, saa nzima, na ubao mtupu.

Tuseme umeambiwa: sanifu mfumo wa kukata tiketi za basi Mombasa hadi Nairobi. Mtu aliyesoma sana ataanza kuchora huduma kumi na mbili, Kafka (programu ya kupitishia ujumbe mwingi kati ya huduma) katikati, na hifadhidata tatu za aina tofauti. Wewe anza na hesabu. Chukulia mabasi 200 kwa siku, viti 50 kila basi. Hizo ni tiketi 10,000. Siku ina sekunde 86,400, kwa hiyo ni tiketi moja kila sekunde tisa hivi. Zidisha mara hamsini kwa msongamano wa Desemba, wakati bara nzima inateremkia Pwani: tiketi sita kwa sekunde. Wanaotafuta bila kununua wawe mara mia; bado ni maombi kama mia sita kwa sekunde katika kilele hicho. Hifadhidata moja ya PostgreSQL iliyowekwa faharasa vizuri, na nakala moja ya kusomea, inabeba mzigo huo. Sema hivyo, kwa utulivu. Kukataa ugumu usiohitajika ni kazi ya mwandamizi, na wahoji wengi wanangoja waone kama utathubutu.

Baada ya hapo nenda kwenye ugumu wa kweli: watu wawili wanataka kiti kile kile, na mmoja bado anaweka PIN. Utahitaji kukishikilia kiti kwa muda, tuseme dakika tano, kwa safu moja kwenye jedwali yenye sharti la upekee kwa safari na kiti. Muda ukiisha kiti kinaachiwa. Je, malipo yakija dakika ya sita, kiti ameshauziwa mwingine? Hapo hakuna jibu la kiufundi tupu. Ni uamuzi wa biashara: kumrudishia pesa, kumpa kiti kingine cha basi hilo, au kumpa basi linalofuata. Mwambie mhoji ungemuuliza nani, na wakati unangoja jibu ungejenga lipi. Wagombea wengi wazuri nimewaona wakiliruka swali hili kwa sababu halimo kwenye video walizotazama.

Mhoji atapanua mambo: sasa ni tiketi milioni kumi kwa siku. Vizuri, hizo ni 116 kwa sekunde kwa wastani, na elfu kadhaa kwa kilele. Sasa ndipo pa kugawanya data kwa safari, kuweka kumbukumbu ya haraka (cache) kwa utafutaji, kutoa malipo nje kwenye foleni yake. Taja na unavyolipia kila hatua: utafutaji unaweza kuonyesha kiti kilichouzwa sekunde mbili zilizopita, na hilo linavumilika kwa kuwa hifadhidata kuu itakataa wakati wa kununua.

Acha dakika kumi za mwisho kwa yale yasiyopendeza: utajuaje mfumo umeanguka, nani ataamshwa, data za abiria zinakaa muda gani. Kenya ina Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019, na kuitaja pale inapohusika kunaonyesha umewahi kufanya kazi yenye watu halisi ndani yake.

Hatua ya 5: Zoezi la kufanyia nyumbani

Fupi: saa tatu au nne ni haki, wiki nzima ni kazi ya bure. Andika mwanzoni mwa mradi ulichokiacha kwa makusudi na kwa nini.

Lakini kuna hatari. Tangu 2023 watafiti wa usalama wamekuwa wakiripoti maafisa bandia wa ajira wanaotuma mradi wa majaribio uliofichwa programu ya kuiba nywila na sarafu za kidijitali. Mradi wowote uliotumiwa na mtu usiyemjua uendeshe ndani ya mashine pepe, yaani kompyuta ya kuigiza ndani ya kompyuta yako, isiyo na faili zako. Na anayekudai ada ya mafunzo au ya usajili ili uajiriwe ni mwizi, mkatie mawasiliano.

Hatua ya 6: Meneja na maswali ya tabia

Ukiwa umeifanya hatua ya pili, hii ni ya kuchagua kisa tu. Amazon huuliza kwa kufuata kanuni zao 16 za uongozi, na mmoja wa wahoji hutoka nje ya timu inayoajiri, mwenye kazi ya kulinda kiwango. Soma kanuni hizo na uoanishe kila moja na kisa. Kwingine si rasmi hivyo.

Usimseme vibaya mwajiri wako wa zamani, hata kama anastahili. Na uwe na maswali yako. Mimi huuliza nani aliamshwa usiku mara ya mwisho na ilikuwa kwa nini, kisha kwa nini nafasi hii iko wazi. Majibu ya hayo mawili hayapambwi kirahisi.

Hatua ya 7: Siku yenyewe

Saa kwanza. Sisi tunahesabu saa kwa Kiswahili, mwaliko unakuja kwa saa za Uingereza au Pasifiki, na Kenya haibadilishi saa mwaka mzima ilhali wao wanabadilisha. 10 a.m. ya San Francisco ni saa tatu usiku kwetu wakati wa baridi yao, na saa mbili usiku wakati wa joto lao. Marekani hubadilisha Jumapili ya pili ya Machi na Jumapili ya kwanza ya Novemba. Ulaya hungoja Jumapili ya mwisho ya Machi, na hurudisha Jumapili ya mwisho ya Oktoba. Katikati ya tarehe hizo hesabu zote huvurugika. Weka kwenye kalenda ya simu na uiache ihesabu yenyewe.

Saa 4 asubuhi ya London, ukiisema kwa hesabu yetu, ni saa saba mchana Mombasa wakati wa baridi. Ikiwa ni Ijumaa, hapo ni swala. Omba isogezwe; sijaona kampuni ya maana ikikataa. Ramadhani vivyo hivyo: intavyu ya magharibi, ukiwa hujafuturu, ni kujidhulumu bure.

Kuhusu intaneti, watu hudhani kwa kuwa nyaya za baharini za TEAMS, SEACOM na EASSy zinatia nanga hapa hapa Mombasa basi tuko salama. Mei 2024 EASSy na SEACOM zilikatika karibu na Afrika Kusini na eneo letu lote likatambaa. Uwe na bando kwenye laini ya mtandao mwingine, usio wa fundi aliyekuwekea waifai. Ruta iunganishe kwenye UPS ndogo (betri ya akiba), kompyuta ijazwe chaji mapema. Namba ya simu ya afisa wa ajira iandike kwenye karatasi, stima ikikatika umpigie ndani ya dakika mbili.

Feni ya dari huvuma kwenye maikrofoni kuliko unavyodhani. Jirani akiwa na harusi, hama. Nyumba nyingi za Mji wa Kale na Majengo hazina chumba cha kimya, kwa hiyo tafuta ofisi ya rafiki mapema, sio asubuhi ile. Swahilipot, pale karibu na Fort Jesus, ni pazuri kwa kupata wenzako wa kufanyia intavyu za majaribio, wakuhoji kwa ukali.

Ukiitwa Nairobi, panda SGR siku moja kabla, ulale. Kushuka kutoka treni ya usiku na kuingia moja kwa moja kwenye ubao si ushujaa.

Hatua ya 8: Wakikukataa

Usiku ule ule andika maswali yote uliyoulizwa, kabla usingizi haujayafuta. Omba maoni kwa barua fupi. Wengine hawatoi kwa sababu za kisheria, wengine hutoa sentensi moja yenye thamani. Kampuni nyingi huruhusu kuomba tena baada ya miezi sita hadi kumi na mbili, na rekodi yako ya mwanzo haikufungi.

Hatua ya 9: Ofa na mkataba

Uliza kwanza: mimi ni mwajiriwa au mkandarasi? Mwajiriwa wa kampuni ya Kenya atakatwa PAYE, kodi ya mshahara, ambayo kwa viwango vilivyoanza Julai 2023 ni asilimia 30 kwa sehemu ya mshahara iliyo juu ya shilingi 32,333 hadi 500,000 kwa mwezi, 32.5 hadi 800,000, na 35 zaidi ya hapo. Kuna tozo ya nyumba ya asilimia 1.5, SHIF, bima ya afya ya jamii, ya asilimia 2.75 tangu Oktoba 2024, na NSSF, akiba ya uzeeni. Tozo ya nyumba na SHIF hazina kikomo cha juu, na mwandamizi huzisikia. Sheria ya Ajira ya 2007 inampa siku 21 za kazi za likizo kwa mwaka, na muda wa majaribio usizidi miezi sita bila ridhaa yake.

Mkandarasi wa kampuni ya nje hana hayo. Anapokea zote, lakini mamlaka ya kodi, KRA, itamdai mwenyewe, na ritani ni kufikia tarehe 30 Juni. Likizo, bima na notisi ni vile mtakavyoandikiana, kwa hiyo viandikwe. Ukilipwa kwa dola kumbuka kwamba Januari 2024 dola ilikuwa kama shilingi 160 na katikati ya mwaka huo huo ikashuka hadi kama 129. Aliyekopa gari kwa hesabu ya Januari alijuta.

Hisa za kampuni changa kwa kawaida huiva kwa miaka minne, na hupati chochote kabla ya mwaka wa kwanza kuisha. Zihesabu kuwa sifuri unapolinganisha ofa mbili. Kujadiliana si utovu wa adabu: taja kiasi kimoja, toa sababu moja, ngoja.

Barua ya kuacha kazi usiiandike mpaka mkataba uwe na saini za pande zote mbili. Wanaolipwa kwa mwezi hutoa notisi ya siku 28 kwa sheria, ila mikataba mingi ya wahandisi hutaka zaidi. Kaangalie wako kabla ya kumwahidi mwajiri mpya tarehe ya kuanza, na ukiwa na siku za likizo zilizobaki, uliza kama zitalipwa au zitaingizwa ndani ya notisi.